Neno "Matumizi" na Usomaji wa Vipimo vya Kichakataji Katika Zahanati za Homa Bay na Migori

Mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia ya kompyuta umeendelea katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa, na kwa sehemu kubwa umekuwa mjadala wa namna ya kuliita sanduku. Wakenya wamelishikilia neno tarakilishi, Watanzania wamewahi kulipigia debe neno ngamizi, na umma wa nchi zote mbili umeendelea kusema kompyuta bila kumwomba mtu ruhusa. Makongamano yamefanyika, tasnifu zimeandikwa, na wasomi wamepingana juu ya jina hilo moja. Wakati huohuo, yale ambayo kompyuta yenyewe inasema kila sekunde juu ya hali yake, yaani vipimo, vifupisho na asilimia zinazojitokeza kwenye skrini, yameachwa bila mfasiri. Makala haya yanashikilia kwamba pengo hili la pili lina madhara makubwa kuliko lile la kwanza, na kwamba madhara hayo yako mahali ambapo mwanaisimu hakutarajia kuyakuta: kwenye benchi la wagonjwa katika kaunti za Homa Bay na Migori.

Sababu za kuzitaja kaunti hizo ni za kihistoria. Ni katika hospitali ya Homa Bay, mwaka wa 2001, ambapo shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI bila malipo, kwa mara ya kwanza katika hospitali ya umma nchini Kenya. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka wa 2018 ulionyesha kuwa miongoni mwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 64, asilimia 19.6 katika Homa Bay na asilimia 13.0 katika Migori walikuwa wakiishi na virusi hivyo, ilhali kiwango cha taifa zima kilikuwa asilimia 4.9. Mgonjwa wa maradhi haya harudi kliniki mara moja au mbili. Anarudi maisha yake yote, na kila ziara inaacha kumbukumbu: uzito, dawa alizopewa, kiwango cha virusi mwilini, tarehe ya kurudi. Makabati ya karatasi hayawezi kuuhimili wingi huo. Ndiyo maana kuanzia mwaka wa 2012 vituo vingi vya afya viliwekewa mfumo wa KenyaEMR, uliojengwa juu ya programu huria ya OpenMRS. Hiyo OpenMRS nayo ina mizizi yake Kenya: ilikua kutokana na uzoefu wa mfumo uliotangulia katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, chini ya ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani.

Kwa lugha ya mafundi, KenyaEMR ni programu ya Java inayoitegemea hifadhidata ya MySQL, na aghalabu huendeshwa juu ya Linux ya aina ya Ubuntu katika seva ndogo iliyowekwa kituoni. Kwa lugha ya muuguzi, ni skrini inayofunguka au isiyofunguka. Pale ambapo kadi ya karatasi ilijazwa kwanza mbele ya mgonjwa na karani akaingiza data baadaye, uzito wa seva ulimchosha karani peke yake. Vituo vilipoanza kuingiza data papo hapo, mgonjwa akiwa ameketi mbele ya mhudumu, kila dakika ambayo mashine inasita imekuwa dakika ya mama aliyefika kwa boti kutoka kisiwani, au ya kijana aliyetoka Muhuru kwa bodaboda na ambaye hakuaga kazini kwa kuwa hakutaka kuulizwa anakokwenda. Foleni ikirefuka mno, wapo wanaoinuka na kuondoka.

Jambo jingine limeongezeka hivi karibuni. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kwa ghafla misaada yake ya nje, na miradi mingi ya UKIMWI nchini Kenya ikalazimika kuwasimamisha wafanyakazi. Fundi wa mradi anapoondoka, seva haiondoki naye. Inabaki, na anayeachiwa kuitazama ni karani wa kumbukumbu, muuguzi msimamizi, au kijana wa mafunzo ya nyanjani aliyetoka chuoni juzi. Hapo swali la nani anasoma vipimo, na anavisoma kwa lugha gani, linakuwa swali la huduma ya afya.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, Jumatatu ya kliniki ambapo skrini zote zimesita. Karani anaingia kwenye seva na kuandika top, amri inayopatikana karibu katika kila Linux. Mbele yake unajitokeza mstari wa vifupisho vya herufi mbilimbili: us, sy, ni, id, wa, hi, si, st. Mwanafunzi wa Kiswahili atatabasamu, maana mstari huo una "ni" ya kukubali, "si" ya kukana na "wa" ya uhusiano, kana kwamba mashine imeanza sentensi ikashindwa kuimaliza. Hakuna hata kimoja chenye maana hiyo. Katika mstari huo, "ni" huhesabu muda unaotolewa kwa michakato iliyoshushwa daraja ili iwapishe wenzao. Wahandisi waliita sifa hiyo upole, na mchakato wenye nambari kubwa ya upole ndio unaokaa nyuma kabisa ya foleni. Ni mojawapo ya nyakati chache ambapo istilahi ya kompyuta ina adabu. "Si" huhesabu muda wa kushughulikia baadhi ya vikatizo, kwa mfano vinavyoletwa na mtandao. "Us" na "sy" ni muda wa programu za kawaida na muda wa mfumo endeshi wenyewe, na "id" ni muda mtupu. "Wa," ambayo ndiyo muhimu zaidi hapa, huhesabu muda ambao kichakataji hakikuwa na la kufanya huku mchakato fulani ukingojea diski.

Tuseme sasa mstari huo unasoma us 6, sy 3, wa 58, id 33, na juu yake pameandikwa kwamba wastani wa mzigo ni 11. Je, seva imeelemewa? Ni rahisi kujibu kwamba imeelemewa: nambari 11 inatisha, jumla ya asilimia zisizo za muda mtupu inafika 67, na skrini zimesita kweli. Barua inaandikwa kwenda makao ya kaunti kuomba seva yenye kichakataji chenye nguvu zaidi. Barua hiyo itangoja bajeti, na wagonjwa watangoja barua. Hali halisi ni tofauti. Kichakataji cha seva hiyo kimeshughulika kwa asilimia 9 tu ya muda. Asilimia 91 iliyosalia hakikuwa na kazi, na sehemu kubwa ya muda huo kulikuwa na mchakato uliokwama kwenye diski. Kukiongezea kituo hicho kichakataji ni kuajiri mafundi zaidi mahali ambapo mbao hazijafika.

Kosa la namna hii huanzia kwenye neno. Tafsiri iliyozoeleka ya kipimo chenyewe ni "matumizi ya kichakataji," na kwa sura ya nje tafsiri hiyo haina kasoro. Lakini kwa msemaji wa kawaida wa Kiswahili, matumizi ni kile kinachotoka mfukoni: matumizi ya nyumbani, pesa za matumizi, mtu mwenye matumizi mabaya. Kinachotumiwa hupungua. Kwa hiyo anayesoma "matumizi asilimia 95" huuona mfuko uliobakiwa na shilingi 5 katika 100, na anaingiwa na hofu ambayo mtu yeyote mwenye busara angeingiwa nayo. Picha hiyo inaifaa diski, ambayo hujaa. Inaifaa kwa kiasi fulani kumbukumbu ya kompyuta. Haikifai kichakataji hata kidogo. Muda wa kichakataji hauwekwi akiba. Sekunde ambayo hakikufanya kazi imepita, na haiwezi kupelekwa kwenye foleni ya kesho.

Kinachopimwa na Linux ni kitu sahili kuliko hofu hiyo. Mfumo endeshi huhesabu, kwa vipande vidogo vya wakati, kile ambacho kichakataji kilikuwa kikifanya, na hesabu hiyo hulimbikizwa tangu mashine ilipowashwa. Amri ya top huchukua hesabu mbili, kwa kawaida zilizoachana kwa sekunde 3, na kuonyesha tofauti yake kwa asilimia. Asilimia 95, basi, ina maana kuwa katika sekunde 3 zilizopita kichakataji kilikuwa na shughuli kwa sekunde 2.85. Hakuna zaidi ya hapo. Haisemi kwamba nguvu zimekwisha, wala kwamba watu wanacheleweshwa. Seva inayoandaa ripoti ya mwisho wa mwezi ikishughulika kwa asilimia 95 kwa dakika 10 inafanya kile ilichonunuliwa kukifanya. Istilahi ya "muda wa kushughulika" ingelisema hili bila maelezo ya ziada, kwa kuwa mtu husikia mara moja kwamba anayeshughulika leo anaweza kushughulika tena kesho, na kwamba kushughulika si kosa.

Kiswahili kina utajiri ambao haujatumiwa katika uwanja huu. Kinatofautisha kukaa bure na kungoja, na tofauti hiyo ndiyo inayohitajika ili kuielewa "wa." Fundi wa mashua katika ufuo wa Mbita aliyeketi juu ya gogo, msumeno ukiwa chini, anaweza kuwa amekaa bure kwa kuwa hakuna mashua iliyoletwa. Anaweza pia kuwa anangoja mbao za mashua iliyokwisha kuletwa, huku mwenye mashua akipiga simu kila nusu saa. Kwa mpita njia, fundi ni yuleyule na gogo ni lilelile. Linux hutenganisha hali hizo mbili, moja ikiitwa "id" na nyingine "wa," ingawa kwa hesabu ya kichakataji zote mbili ni hali za kutofanya kazi.

Hata hivyo tahadhari inahitajika, na hapa ndipo hata mafundi wenye uzoefu hujikwaa. Fundi yule akiletewa mashua ya pili isiyohitaji mbao, atainuka na kuanza kuitengeneza. Mpita njia hatamwona tena akingoja, ilhali mbao za mashua ya kwanza bado hazijafika. Vivyo hivyo, mchakato mwingine wenye hesabu nyingi ukianza kuendeshwa katika seva, "wa" itashuka, na diski itakuwa mbovu kama ilivyokuwa. "Wa" kubwa ni ushahidi wa kungoja. "Wa" ndogo peke yake haithibitishi kwamba hakuna kungoja. Isitoshe, chombo kinachopendwa na vijana kwa ajili ya rangi zake, yaani htop, hakionyeshi muda huo kabisa katika mpangilio wake wa kawaida, mpaka mtu achague mwonekano wa kina. Karani aliyefunzwa htop peke yake ataona mistari karibu mitupu, atahitimisha kuwa seva ni nzima, na atailaumu mitambo ya mtandao.

Mzizi wa kungoja huko hutafutwa kwingine. Amri ya vmstat ina safu mbili, "si" na "so," zinazoonyesha kama Linux inahamisha kurasa za kumbukumbu kwenda diski na kuzirudisha kwa kuwa kumbukumbu haitoshi. (Msomaji ataona kuwa "si" hii siyo "si" ya top. Waliovibuni vifupisho hivi hawakuwa na baraza la istilahi.) Safu hizo zikibaki na nambari kubwa, dawa ni kuongeza kumbukumbu au kupanga upya mgao wake kati ya Java na MySQL. Zikiwa sifuri, huenda nakala rudufu ya hifadhidata imepangwa kuandikwa wakati wa kliniki, au diski yenyewe ya kuzunguka imefika uzeeni. Kila mojawapo ya haya hugharimu kidogo kuliko seva mpya, na moja wapo, lile la kubadilisha saa ya nakala rudufu, halina gharama yoyote.

Istilahi ya pili inayostahili kuhojiwa ni "wastani wa mzigo." Juu ya skrini ya top, na pia katika amri ya uptime, huonyeshwa nambari tatu: wastani wa dakika 1, wa dakika 5 na wa dakika 15. Zikisomwa kwa mpangilio, zinasimulia kama hali inazidi au inapoa, jambo ambalo nambari moja haiwezi. Lakini neno mzigo linabeba maana ya kulemea. Punda hubeba mzigo, na mzigo ukizidi punda huanguka. Kumbe nambari hizo hazipimi uzito wowote. Zinahesabu michakato: inayoendeshwa, inayosubiri zamu ya kichakataji, na katika Linux, hata ile iliyokwama katika usingizi usioweza kukatizwa, ambayo aghalabu inangojea diski.

Aliyewahi kupita Awendo, kaunti ya Migori, msimu wa miwa ukiwa umepamba moto, ameiona picha ya jambo hili. Matrekta yenye miwa yamepangwa kandokando ya barabara kuelekea kiwanda cha sukari. Ukiyahesabu na kupata 11, hujajua bado kama kinu kina kasi ndogo au kama mizani ya langoni ndiyo iliyoharibika na kinu kiko kitupu. Mkulima anayeona miwa yake ikikauka juu ya trela hajali tofauti hiyo. Meneja anayetaka kununua kinu kipya anapaswa kuijali sana. Unix nyingi zilihesabu matrekta ya kinu tu. Linux, iliyotolewa mara ya kwanza na Linus Torvalds mwaka wa 1991, ilibadilishwa mwaka wa 1993 kwa pendekezo la Matthias Urlichs ili ihesabu na yale ya mizani. Sababu ya badiliko hilo ilikuwa karibu kusahaulika hadi mhandisi Brendan Gregg alipoifukua katika barua za zamani na kuichapisha mwaka wa 2017. Ikiwa wahandisi wenyewe waliishi na nambari hiyo kwa zaidi ya miaka 20 bila wengi wao kujua kwa hakika kwa nini inahesabu hivyo, karani wa Ndhiwa asilaumiwe. "Wastani wa foleni" ni istilahi bora: inataja kinachohesabiwa, na inamfanya msikilizaji aulize mara moja, foleni ya nini?

Asilimia zinazovuka 100 nazo zimewasumbua wengi. Katika orodha ya michakato ya top, Java inaweza kuonyeshwa kuwa na asilimia 390, na mtu aliyefunzwa hesabu ya shule ya msingi ana haki ya kudhani kwamba mashine imeharibika. Ufafanuzi ni mfupi. Katika orodha hiyo, 100 ni kiini kimoja cha kichakataji, na seva yenye viini 4 ina 400. Katika mstari wa juu, kwa upande mwingine, 100 ni viini vyote kwa pamoja. Skrini moja inatumia mizani miwili, na haimwambii msomaji.

Lenye uzito zaidi ni swali la kile kilichofanywa katika asilimia hizo 390. Programu za Java hupewa sehemu maalumu ya kumbukumbu, na sehemu hiyo ikikaribia kujaa, Java huanza kufagia vitu visivyohitajika ili kupata nafasi. Ikijaa mno, hufagia bila kukoma na kupata nafasi kiduchu kila mara. Viini vyote 4 vinashughulika, feni inavuma, chumba kinapata joto, na hakuna jalada la mgonjwa linalofunguka. Hapa kipimo kinasema ukweli na bado kinapotosha, kwa kuwa kushughulika si kuzalisha. Hali kadhalika, kichakataji kilichojaa vumbi katika chumba chenye joto la ukanda wa ziwa hupunguza kasi yake chenyewe ili kisiungue. Asilimia 100 ya muda katika kasi iliyopunguzwa ni kazi ndogo kuliko asilimia 100 ya jana, na mstari wa top hauonyeshi tofauti. Brashi ya kupangusia vumbi haijawahi kuandikiwa mradi, lakini katika baadhi ya vituo ingefaa kuliko warsha.

Liko pia suala la wakati. Amri ya ps huonyesha asilimia ya kila mchakato kwa wastani wa maisha yake yote, na ripoti ya kwanza ya vmstat ni wastani tangu mashine iwashwe. Hifadhidata iliyotulia wiki nzima ikichachamaa kwa dakika 5 za mwisho itaonekana katika ps kama iliyotulia bado. Makarani wawili, mmoja akitumia ps na mwingine top, wanaweza kubishana mchana kutwa, kila mmoja akiwa na nambari sahihi. Kwa mwanafunzi wa sarufi hili halina ugeni wowote: "amefanya kazi" na "anafanya kazi" ni njeo mbili, na hakuna anayezichanganya katika mazungumzo. Tatizo ni kwamba vyombo hivi havina njeo. Msomaji ndiye anayelazimika kuijua.

Wapo watakaosema kuwa haya yote ni kazi ya wahandisi, na kwamba idara za Kiswahili zina ushairi na fonolojia za kutosha. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kila kituo kingekuwa na mhandisi. Wapo pia watakaosema kwamba vifupisho vya Kiingereza haviepukiki, basi na maelezo yake yabaki katika Kiingereza. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli: "wa" itabaki "wa" katika skrini, na hakuna faida ya kuibadilisha. Sehemu ya pili ndiyo isiyokubalika. Kati ya kifupisho na uamuzi kuna sentensi ambayo mtu humwambia mwenziwe, na katika kaunti hizi sentensi hiyo mara nyingi husemwa kwa Kiswahili. Karani Mkuria wa Kehancha na fundi Mjaluo wa Rongo hawana lugha nyingine ya pamoja iliyo karibu zaidi ya hiyo, na Isebania, mpakani, hicho ndicho kinachounganisha soko la Kenya na lile la Sirari upande wa Tanzania. Ikiwa sentensi yenyewe ni "seva imechoka," uamuzi utakuwa mbaya kwa ufasaha kamili.

Mfano wa Kilinux una la kufundisha. Mradi huo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, na kwa hilo ulithibitisha kwamba programu huria inaweza kuzungumza Kiswahili bila kungoja hisani ya kampuni kubwa. Ilikuwa kazi ya heshima. Hata hivyo ilikuwa kazi ya menyu: hifadhi, chapisha, funga. Menyu humwambia mtumiaji abonyeze nini. Vipimo humwambia mtunzaji nini kinatokea, na kwa hivyo vinahitaji tafsiri ya namna nyingine, ile inayohoji kitu kabla ya kukipa jina. "Matumizi" na "mzigo" ni majina yaliyotolewa na watu waliotazama kamusi bila kutazama skrini.

Kazi hiyo inaweza kuanza karibu na ziwa lenyewe. Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati yake mwaka wa 2016, kiko Migori; Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilichopata hati mwaka wa 2022, kiko Homa Bay. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kikishirikiana na wenzao wa kompyuta katika chuo chochote kati ya hivyo kinaweza kuandika ukurasa mmoja, usiozidi, wa kubandikwa ukutani juu ya seva. Ukurasa huo hautahitaji neno tarakilishi wala neno ngamizi. Utahitaji vifupisho vinane na maana zake, mizani miwili ya 100, tofauti ya ps na top, na nafasi ya karani kuandika alichokiona katika daftari la kituo: Jumatatu, saa 3 asubuhi, muda wa kushughulika 9, kungojea diski 58, foleni 11, nakala rudufu ilikuwa ikiandikwa, imehamishiwa saa 8 usiku. Kwa kituo kinachozima seva usiku kwa sababu ya umeme, iandikwe saa 11 jioni, baada ya mgonjwa wa mwisho.